Mlango wa kwanza usiwe Butabika

Kijana anapoanza kuzungumza peke yake usiku huko Katwe au Namuwongo, familia hungoja. Hungoja kwa aibu, kisha kwa maombi, kisha kwa mganga. Fedha zikiisha na majirani wakianza kunung'unika, huitwa mwenyekiti wa LC, yaani halmashauri ya mtaa, hupigiwa simu polisi, hukodiwa gari, na kijana huyo, mara nyingine akiwa amefungwa kamba mikononi, hupelekwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo kilomita kama 12 kutoka katikati ya mji, upande wa ziwa. Hiyo ndiyo njia ambayo wakazi wengi wa Kampala wanaijua. Humfikisha mgonjwa kwa daktari wakati kazi imeshapotea, ndoa imeshayumba na ugonjwa wenyewe umeshaota mizizi.

Naamini njia hiyo inaweza kufupishwa, na mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuifupisha ni Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, kuliko Wizara ya Afya na kuliko hospitali ya Butabika yenyewe. Mamlaka ina vituo vya afya mitaani. Ina masoko, ina askari wake wa jiji, ina ofisi katika kila moja ya tarafa tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Lubaga. Inamgusa mkazi kila siku, iwe kwa sindano ya chanjo, kwa risiti ya ushuru wa soko au kwa lori linalobeba bidhaa za wachuuzi. Afya ya akili ya mji huu itaamuliwa pale inapomgusa.

Nchi yetu imezoea kuuweka ugonjwa wa akili mbali na macho. Katika miaka ya 1920 wagonjwa walihifadhiwa Hoima, kwenye gereza. Mwaka 1934 wakawekewa mahali Mulago. Mwaka 1955 ikafunguliwa Butabika, na mpaka leo ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa kwa magonjwa ya akili. Ina vitanda kama 550, na idadi ya waliolazwa hupanda mara kwa mara hadi zaidi ya 900. Hospitali hiyo inatakiwa kuhudumia nchi ambayo sensa ya 2024 iliihesabia watu milioni 45.9, ikiwapokea wale ambao hospitali za mikoa zimeshindwa nao. Wakati huohuo, kwa mkazi wa Kampala, ndiyo imekuwa zahanati ya jirani. Mtu wa Kawempe aliyeshikwa na hofu zisizo na sababu, ambaye angeweza kutulizwa kwa mazungumzo ya wiki chache, anasimama kwenye foleni moja na mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa mzito wa kusikia sauti na kupotewa na uhalisia, aliyetoka mbali akiwa hali mahututi. Wote wawili wanaumia kwa mpango huo.

Sheria imeshabadilika. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilichukua nafasi ya ile ya zamani iliyoanzia mwaka 1938, sheria ambayo shabaha yake kubwa ilikuwa kumkamata mtu na kumfungia. Hii mpya inazungumzia ridhaa ya mgonjwa, inamlinda dhidi ya ukatili, na inataka tiba ya akili ipatikane katika vituo vya afya vya ngazi ya chini. Kwa Kampala, vituo vya ngazi ya chini maana yake ni Kisenyi, Kawaala, Kitebi, Kiswa, Komamboga, Kisugu na wenzao. Navyo ni vya mamlaka ya jiji.

Tazama basi kinachotokea humo. Mwanamke anafika asubuhi akisema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, mwili umechoka, hali wala halali. Anapimwa malaria. Hana. Anapewa panadol na kuambiwa apumzike. Wiki mbili baadaye amerudi na maneno yaleyale, anapimwa taifodi. Afisa tabibu aliye mbele yake si mtu mbaya wala mvivu. Nyuma ya mwanamke huyo kuna benchi lililojaa na hajapewa nafasi ya kuuliza kwa nini halali. Kituo kikubwa, cha ngazi ya IV, kama Kisenyi, kimewekewa muuguzi wa magonjwa ya akili katika muundo wake. Katika vile vidogo vya ngazi ya III, ambako ndiko watu wengi huenda kwanza, kazi hiyo humwangukia yuleyule anayefunga vidonda na kupima wajawazito.

Halafu kuna dawa. Amitriptilini, haloperidoli, kabamazepini ya kifafa: zote ni dawa za zamani, bei yake si kubwa, na zimo katika orodha ya dawa muhimu za taifa. Bohari ya taifa hupeleka dawa vituoni kwa mizunguko ya miezi miwili miwili. Dawa ya akili ikiisha katikati ya mzunguko hakuna kelele zinazopigwa kama pale ya malaria inapokosekana, kwa kuwa mgonjwa wake hana sauti na ndugu zake wanaona haya. Lakini mtu aliyekuwa ametulia mwaka mzima akikosa vidonge kwa wiki kadhaa anaweza kurudi alikoanzia, na safari ya Butabika inaanza upya. Kama ningepewa nafasi ya kuitaka mamlaka ya jiji ifanye jambo moja tu mwaka huu, ningesema: hakikisheni rafu ya dawa za akili haiwi tupu hata siku moja katika vituo vyenu. Jambo hilo halina uzinduzi wala fulana, na hakuna picha ya kupigwa, na pengine ndiyo maana halisemwi.

Wapo watakaojibu kwamba wataalamu hawapo. Ni kweli, madaktari bingwa wa magonjwa ya akili katika Uganda nzima wanahesabiwa kwa makumi, na wengi wako Kampala na vyuoni. Lakini hapa ndipo tunapoisahau historia yetu wenyewe, na inaniuma kwa sababu ni historia ya kujivunia.

Mwaka 1987, wakati ukimwi ulikuwa hukumu ya kifo na hakukuwa na dawa, Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiwa wameguswa na maradhi hayo nyumbani kwao, walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi. Walichokuwa nacho cha kutoa kilikuwa kukaa na mtu, kumsikiliza, kumsaidia apange maisha yake na amweleze mwenzi wake. Kutoka hapo Uganda ikajenga jeshi zima la washauri nasaha ambao hawakuwa madaktari. Miaka 15 baadaye, mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, ulifanyika utafiti ambao wanafunzi wa afya ya akili duniani kote husomeshwa mpaka leo. Watu waliozama katika sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka inayomnyima mtu nguvu, usingizi na hamu ya kuishi, waliwekwa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Aliyeviongoza alikuwa mtu wa hapohapo, anayesema lugha yao, aliyefundishwa kazi hiyo kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya misiba, magomvi ya nyumbani, maisha yaliyopinduka ghafla, upweke.

Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona kamili. Baada ya wiki 16 walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7, na hilo tusilifiche: muda wenyewe huponya baadhi. Lakini tofauti kati ya 6.5 na 54.7 ni tofauti ya nusu ya watu. Matokeo yalichapishwa 2003. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi ili nchi nyingine ziitumie. Hapa kwetu shirika la StrongMinds, lililoanzishwa 2013, limeieneza miongoni mwa wanawake na vijana, na Kampala imo. Butabika nayo, kwa ushirikiano na hospitali za London Mashariki, iliwafundisha watu waliopona kuwatembelea wagonjwa wanaorudi nyumbani, wakisema nao kama watu waliopita njia ileile.

Maarifa, basi, tunayo. Tulichokosa ni mji kuyachukua na kuyafanya kazi yake ya kawaida. Yamebaki mikononi mwa mashirika, na shirika huja mtaani likiwa na fedha za miaka mitatu, likaondoka zikiisha. Mama wa Bwaise aliyezoea kikundi chake cha Jumanne anabaki kuuliza wale dada walikwenda wapi.

Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, walikwenda njia nyingine. Mwaka 2005 daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumpeleka hospitali. Nauli tu. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare, akaanza na akina bibi 14. Bibi hao hawakuletwa na mradi. Tayari walikuwa wahudumu wa afya wa halmashauri ya mji, wanaojulikana nyumba kwa nyumba. Wakapewa mafunzo, wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, mtu akaja akaketi na bibi akamsikiliza, wakachagua pamoja tatizo moja la kushughulikia kwanza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulifanyika katika zahanati 24 za mji huo na watu 573, na baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Watu wengi wakisimulia habari hii huvutiwa na benchi na bibi. Mimi huvutiwa na kitu kingine: zahanati zilikuwa za mji, na akina bibi walikuwa wa mji. Huduma iliingia ndani ya kazi iliyokuwepo, kwa hiyo haikuwa ya mgeni.

New York walijaribu kwa fedha nyingi. Mwaka 2015 meya Bill de Blasio na mkewe Chirlane McCray walitangaza mpango mkubwa wa afya ya akili wa jiji, ThriveNYC, uliokadiriwa dola milioni 850 kwa miaka minne. Ulikuwa na simu ya msaada saa 24, washauri mashuleni, na mafunzo ya huduma ya kwanza ya akili kwa robo milioni ya wakazi. Nia ilikuwa njema na sehemu ya kazi ilikuwa nzuri. Ila kufikia 2019 madiwani na waandishi wa habari walikuwa wakiuliza ni watu wangapi wamepata nafuu, na majibu yaliyokuja yalikuwa zaidi ya idadi ya waliofundishwa, simu zilizopokelewa na mikutano iliyofanyika. Hasa wagonjwa walio katika hali mbaya zaidi, wanaolala mabarabarani, walionekana kuachwa kando. Mwaka 2021 kazi hiyo ikawekwa katika ofisi ya kudumu ya meya ya afya ya akili ya jamii, na mwaka huohuo, huko Harlem, jiji likaanza kutuma wahudumu wa afya badala ya polisi kwa baadhi ya simu za dharura za akili.

Sisi hatuna dola milioni 850, lakini hatari ile tunayo. Kampala ni mji wa warsha. Kila mwaka watu hukusanywa hotelini, wakapewa daftari, kalamu, chai na posho, na mwishoni ripoti inaandikwa kwamba viongozi 200 wamehamasishwa. Naomba mamlaka ya jiji isijihesabie hivyo. Ihesabu wagonjwa wapya walioanza tiba katika vituo vyake, na wangapi kati yao walirudi mara ya pili na ya tatu. Ihesabu siku ambazo dawa zilikosekana. Iulize Butabika, kila mwezi, ni wakazi wangapi wa Kampala waliofika pale bila kupita kwanza katika kituo chochote cha mtaani. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ingenionyesha kama kazi inakwenda mbele, kwa sababu inapaswa kushuka.

Sasa niseme juu ya watu wangu, wasema Kiswahili wa mji huu. Tuko wengi kuliko inavyodhaniwa. Wako Wakongomani wa Nsambya, Katwe na Makindye, Warundi, Wasomali wa Kisenyi ambao Kiswahili kimekuwa daraja lao na majirani, Wakenya, na familia za polisi katika kambi za Nsambya na Naguru ambazo zimeishi na lugha hii tangu enzi za babu. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na walioandikishwa Kampala peke yake wanapita 100,000. Anayeamua kuishi mjini badala ya makambini hapewi mgao wa chakula, anatakiwa ajitegemee. Tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, wengine wamekuja wakiwa na mambo waliyoyaona ambayo mwili hauwezi kuyabeba kimyakimya.

Mtu huyo anapoingia kituo cha afya, humo huongelewa Kiluganda na Kiingereza. Hivyo anamleta mtoto wake anayesoma shule, awe mkalimani. Niliwahi kuketi kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, karibu na mama wa Kivu, huko mashariki mwa Kongo, na binti yake ambaye hakuwa amefika miaka kumi. Nilisikia muuguzi akiuliza kwa upole mama ana shida gani, na binti akajibu kwa Kiluganda safi kwamba mama anaumwa kichwa. Wakatoka na panadol. Pale nje mama alinieleza kwa Kiswahili kwamba haumwi kichwa peke yake. Kwamba kuna usiku mmoja anaurudia kila akifumba macho, na kwamba hawezi kuupitisha usiku ule mdomoni mwa mtoto. Nilimwelewa. Ni nani angeweza?

Huu ni upungufu ambao tiba yake iko mtaa wa pili. Miongoni mwa wakimbizi haohao kuna wauguzi, walimu, watumishi wa kanisa na msikiti, wanawake ambao tayari kila mwenye msiba huwakimbilia. Timu za afya za vijiji, zile tunazoziita VHT, zimekuwepo nchini tangu 2001, na kazi yake ni hii hasa ya kuwa jicho la kituo mtaani. Kuwaingiza wasema Kiswahili katika VHT za Makindye na Tarafa ya Kati, kuwafundisha kwa wiki mbili kama walivyofundishwa wale wa Rakai na Masaka, na kuwalipa posho inayoeleweka, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa mji. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Ningependa kukiona kwanza katika chumba cha muuguzi, pale ambapo mama anaweza kusema lililo moyoni bila mwanawe kusikia.

Ninalolisema sasa ni gumu zaidi, na ndilo wapangaji wengi wa afya hulikwepa. Mji unaotaka kutibu akili za watu wake ni mji uleule unaowafukuza barabarani. Januari 2022 mamlaka iliwaondoa wachuuzi katikati ya mji. Sipingi kwamba njia za waendao kwa miguu zinahitaji nafasi, wala kwamba wenye maduka hulipa kodi na kulalamika kwa haki. Lakini mwanamke anayeuza nyanya Kampala huuza nyanya za mkopo. Alikopa kwa mkopeshaji asubuhi, au katika kikundi cha akiba, akiahidi kulipa jioni. Beseni likipandishwa kwenye lori, deni halipandi nalo. Jioni hana mtaji, hana chakula cha watoto, na kesho yake anamkwepa mkopeshaji. Wiki chache baadaye ndiye yule anayesema moyo unamwenda mbio na hapati usingizi. Kumpa ushauri nasaha katika kituo cha mji wakati idara nyingine ya mji huohuo imeshika mtaji wake ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ndiyo maana nasema afya ya akili haiwezi kuwa kazi ya idara ya afya peke yake. Mkurugenzi anayepanga operesheni ya kuondoa wachuuzi apange pia wanapelekwa wapi, kwa taarifa ya muda gani, na bidhaa zilizochukuliwa zinarudishwaje siku hiyohiyo. Askari wa jiji wafundishwe kumtambua mtu aliye mgonjwa wa akili barabarani na wawe na kituo cha kumpigia simu kabla ya kushika fimbo. Kanuni ya ulinzi wa mtoto iliyopitishwa na mji 2019 ilikataza watu kuwapa fedha watoto wa mitaani. Watoto hao, wengi wao kutoka Napak na Karamoja yote, kaskazini-mashariki mwa nchi, hukusanywa na baadhi yao hurudi tena. Mtoto aliyekamatwa na kuhamishwa mara kadhaa anajifunza kwamba kila mtu mzima aliyevaa sare ni hatari. Hilo nalo ni jeraha la akili, na mji ndio ulioliacha.

Na Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa takataka za Kampala uliporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Siku za mwanzo palikuwa na mahema, kamera, viongozi, wahudumu wa Msalaba Mwekundu. Lakini huzuni ya mtu aliyechimba kwa mikono akimtafuta mwanawe haifuati ratiba ya mahema. Mara nyingi huja na nguvu zake miezi sita baadaye, majirani wakiwa wamechoka kuisikiliza. Dampo lilikuwa la mji, kwa hiyo na ufuatiliaji wa walionusurika ni deni la mji, kwa miaka, katika kituo cha afya kilicho karibu nao.

Kuhusu viongozi wa dini na waganga nitasema kifupi: watu watakwenda kwao tutake tusitake, na wengi hupata faraja ya kweli. Kinachotakiwa ni makubaliano kwamba hakuna mgonjwa anayefungwa minyororo, hakuna anayeambiwa aache dawa za kifafa, na kwamba shehe au mchungaji ana namba ya muuguzi wa kituo cha karibu.

Liko pia jambo la sheria ambalo mji hauwezi kulibadilisha peke yake, ila unaweza kulisemea. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia inapompata mtoto wao angali hai inaogopa kusema ukweli kituoni, inadanganya kwamba alikunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya, na muuguzi anatibu tumbo tu. Ghana ilifuta kosa hilo 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Bunge letu lina mifano ya kutosha.

Fedha, basi. Afya ya akili imekuwa ikipata kama asilimia 1 ya bajeti ya afya ya nchi, na sehemu kubwa ya hiyo huishia Butabika. Nyongeza kubwa siitarajii karibuni. Lakini mwaka 2025 limetokea jambo ambalo mji unaweza kulitumia vizuri au kulipoteza. Baada ya Marekani kusimamisha misaada Januari, mnamo Februari Wizara ya Afya iliagiza kliniki zinazojitegemea za ukimwi na kifua kikuu ziunganishwe na huduma za kawaida. Kwa wagonjwa wengi hiyo ilikuwa habari ya kutisha, na nawaelewa: walizoea chumba chao, muuguzi wao, siri yao. Washauri wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha za nje walipoteza ajira.

Hebu tuwatazame washauri hao. Ni watu waliokaa miaka mingi wakiwasikiliza waliopokea habari mbaya kuliko zote, wakiwapigia simu waliokosa miadi, wakiweka mafaili yasiyopotea, wakijua mke yupi bado hajamwambia mumewe. Ujuzi huo ndio afya ya akili inaouhitaji. Tayari wako Kampala, tayari wanaijua mitaa, na baadhi yao sasa wanauza chapati. Kliniki ya pamoja ya magonjwa ya muda mrefu, ambako mwenye kisukari, mwenye virusi, mwenye kifafa na mwenye sonona wanakaa benchi moja, inaweza pia kupunguza aibu, kwa sababu anayekuona umeketi pale hajui umefuata nini. Lakini itafaulu tu ikiwa ndani yake yuko mtu mwenye dakika 30 za kusikiliza. Bila mtu huyo itakuwa foleni ndefu zaidi ya panadol.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vikao vya bajeti vya tarafa hufanyika miezi kadhaa kabla. Diwani wako akija kwenye mkutano wa mtaa, mwombe akuonyeshe mistari mitatu: mshahara wa muuguzi wa akili katika kila kituo cha ngazi ya III cha tarafa yenu, posho ya wasikilizaji wa jamii wakiwemo wa Kiswahili, na fedha za akiba za kununua dawa za akili zikichelewa kutoka bohari. Akisema mistari hiyo haipo, muulize ni kipi kilichowekwa mahali pake, na andika jibu lake.